Kiseyeye, Mdudu na Uraibu: Maneno ya Kinywa katika Kiswahili cha Unguja

Nia ya makala haya ni kuyatazama baadhi ya maneno ambayo watu wa Unguja huyatumia wanapoeleza maradhi ya meno, ufizi na taya, na kuonyesha mahali ambapo maana ya neno katika kinywa cha mgonjwa na maana yake katika daftari la tabibu zimeachana. Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Mgonjwa aliyefika Hospitali ya Mnazi Mmoja hana chombo cha kuelezea maumivu yake ila neno. Likipokewa vingine, hutibiwa ugonjwa asio nao.

Tuanze na jino lenyewe, maana hapo hapana tatizo kubwa. Mzizi wake ni -ino, uonekanao katika lugha nyingi za Kibantu. Kiunguja huupa kiambishi ji- katika umoja tukapata jino, na ma- katika wingi. A na i zikikutana huzaa e, tukapata meno. Kiamu husema ino, kama kisemavyo ito mahali ambapo Kiunguja husema jicho. Majina ya namna za meno nayo yapo tangu zamani. Chonge ni lile lenye ncha, ambalo laelekea kuwa ndugu wa kitenzi chonga. Gego ni lile pana la kusagia chakula. Pengo ni nafasi ya jino lililotoka, na mwanya ni nafasi aliyojaliwa mtu baina ya meno ya mbele, ambayo Waswahili huihesabu kuwa uzuri, si kasoro. Kiingereza cha kila siku hutumia neno moja kwa yote mawili. Asiye na meno kabisa ni kibogoyo. Basi tusikubali upesi maneno ya wale wanaosema kwamba Kiswahili ni maskini katika mambo haya.

Mkanganyiko waanza kwenye ufizi. Kamusi hulifasiri neno kiseyeye kuwa ni ugonjwa wa ufizi utokanao na upungufu wa vitamini C, yaani ule uliowaua mabaharia wengi katika safari ndefu. Mwaka 1747 tabibu wa manowari ya Kiingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa yake. Wale wawili waliokula machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wenzao. Hiyo ndiyo maana ya kitabuni. Walakini ukisikiliza mazungumzo ya barazani, utaona kwamba kiseyeye ni ufizi wowote utokao damu, wa mzee na wa kijana, uwe umetokana na nini.

Sasa Unguja ni kisiwa cha machungwa. Mtu alaye machungwa, mapera na maembe kwa misimu yake si rahisi kupata kiseyeye cha mabaharia. Ufizi wake aghalabu watoka damu kwa sababu ya ukoga, yaani ule utando wa vijidudu ushikao shinani mwa meno. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, na Harald Löe na wenzake. Watu 12 wenye ufizi mzima waliacha kupiga mswaki. Kabla ya wiki tatu kwisha wote walikuwa na uvimbe wa ufizi, na waliporudia kusafisha meno uvimbe ukaondoka. Chakula hakikuwa na hatia. Ukoga ukiachwa hushika chokaa ya mate ukawa mgumu kama jiwe, wala mswaki hauuwezi tena. Na kwa baadhi ya watu uvimbe huteremka hata kwenye mfupa ulioshika jino, jino likalegea na kutoka bila ya kuoza.

Hapo ndipo maana mbili za neno moja zinapoleta madhara. Aambiwaye kwamba ana kiseyeye hununua malimau akaridhika. Mwingine, kwa kuwa mswaki humtoa damu, huuweka kando ili asijiumize, na kumbe auwekapo kando ndipo augeapo ugonjwa malisho. Wako wapendao tuwafundishe watu kwamba wamekosea, kwamba kiseyeye ni upungufu wa vitamini C basi. Mimi sikubaliani nao. Neno ni la watu, na maana yao ni pana kwa sababu macho yao yaliona dalili, si chanzo. Yafaa tuwaachie kiseyeye kwa maana ya ufizi kutoka damu, kisha tuongeze maelezo: kiseyeye cha ukoga, na kiseyeye cha ukosefu wa vitamini. Kwa njia hiyo mgonjwa hapokonywi neno lake, na tabibu naye hupata tofauti aitakayo.

Mdudu ana kisa kingine. Twasema jino limeliwa na mdudu, na dhana hii si ya pwani yetu tu. Yapatikana katika maandishi ya Babeli ya kale, na katika nchi nyingi watu walifukiza kinywa kwa moshi wa mbegu ili mdudu atoke. Pierre Fauchard wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1728, alisema kwamba hakumwona mdudu huyo. Mwaka 1890 W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo imung'unyayo jino. Kwa hiyo mdudu alifukuzwa mlangoni akarudi dirishani, mdogo asiyeonekana. Kiswahili hakikuhitaji neno jipya kwa vijidudu. Kilichukua lile lile kikalipunguza kwa ki- na ji-. Ni uundaji mzuri. Kasoro yake ni kwamba msikilizaji huendelea kumfikiria mdudu aliyeingia kutoka nje, wa kuuawa kwa dawa, na sukari haimo kabisa katika picha yake. Afadhali tuseme pia kwamba jino limeliwa na asidi, na kwamba asidi hiyo yatokana na vitu vitamu. Si sentensi nzuri, lakini yafika.

Kuhusu majina yaliyo na hatari ya wazi zaidi, nataja moja tu, nalo ni la Tanzania Bara zaidi kuliko la visiwani: meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 ilienea huko, na Uganda pia kwa jina lake, imani kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga hutokana na meno mabaya yaliyofichika ndani ya ufizi. Yanayochimbuliwa kwa kisu au kwa sindano ni machipukizi ya chonge za utotoni, meupe na laini kwa kuwa hayajakomaa. Mtoto huweza kupata pepopunda au sumu ya damu, na kuharisha kwenyewe hakukutibiwa. Imani za namna hii zilikuwapo zamani. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego na kuogopwa kuwa ni nuhusi. Lakini neno plastiki limefanya jambo ambalo kigego halikulifanya. Limeliondoa jino katika mwili wa mtoto likalifanya kitu cha dukani, na kitu cha dukani hakuna mzazi aonaye huruma kukitoa.

Sasa nifike kwenye tambuu. Katika Mji Mkongwe na mashamba, jani la tambuu hutiwa popoo, chokaa, katu, na pengine tumbaku, likatafunwa. Kijaluba chake kimo katika nyumba nyingi za wazee, na arusini tambuu hupambwa ikapewa wageni. Kamusi za zamani hulieleza neno uraibu kuwa ni vitu hivyo vya kutafunwa pamoja na tambuu. Kwa kuwa atafunaye hutaka tena, neno likahama kutoka kitu hadi hamu, na leo uraibu ni utumwa wa kilevi chochote, na mraibu hufahamika kwanza kuwa ni mtumiaji wa dawa za kulevya.

Mwaka 1952 daktari Schwartz aliwaeleza wanawake watano wa asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya, ambao ngozi laini ya ndani ya mashavu yao ilikuwa imekakamaa hata wakashindwa kupanua kinywa. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo kikubwa cha ugonjwa huo ni popoo, na kwamba huweza kugeuka saratani. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliihukumu tambuu yenye tumbaku mwaka 1985. Mwaka 2004 likaongeza kwamba popoo peke yake, bila ya tumbaku, husababisha saratani. Ugonjwa huu hauna jina la Kiswahili lililokubalika. Watu husema taya limekaza, na maneno hayo hayo husemwa kwa pepopunda, ambayo ni dharura ya siku chache, hali hii hujengeka kwa miaka. Napendekeza mkakamao wa mashavu, kwa kuwa taya lenyewe ni zima.

Tazama basi bibi wa Malindi aliyekuja na kinywa kisichopanuka, akaulizwa na daktari kijana kama ana uraibu wowote. Atajibu hapana, tena kwa kuchukizwa, wakati neno hilo hilo, kwa maana aliyoisikia kwa nyanya yake, lilikuwa jina halisi la kitu kinachotafutwa. Swali lifaalo ni refu kidogo: bibi, shikamoo, je, unatafuna tambuu, na tangu lini, na ndani yake unatia popoo?