Kasongo au Nyangwe: msafiri wa historia aanzie wapi?

Kusini mwa jimbo la Maniema kuna miji miwili iliyojulikana London na Brussels kabla Léopoldville, Kinshasa ya leo, haijaanzishwa mwaka 1881. Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, upande wa kulia. Kasongo iko upande huohuo, mbali kidogo na mto, na kati ya miji hiyo hakufiki kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Ramani inaweza kumfanya mtu adhani kwamba ni safari moja tu. Barabara zetu zina hesabu yake, na mwenye siku chache hulazimika kuchagua atakapokaa na atakapopita. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vimeshamchagulia: ni Nyangwe, mji wa Livingstone. Mimi naona uchaguzi huo umekaa kichwa chini miguu juu. Anayetaka kuielewa sehemu hii ya Kongo, awe anatoka Ulaya, Kinshasa, Zanzibar au hata Lusangi kwetu, aanzie Kasongo na kulala Kasongo, kisha aende Nyangwe akiwa ameshajua anakwenda kutazama nini.

Tuipe Nyangwe haki yake kwanza, maana madai yake ni mazito. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliweka kituo chao hapo karibu mwaka 1860, mahali ambapo Wagenia, watu wa mitumbwi, walikuwa wakivusha watu na mizigo. Palikuwa na soko kubwa la kila siku ya nne, na wauzaji na wanunuzi wengi walikuwa wanawake. David Livingstone alifika mwishoni mwa Machi 1871, akiwa Mzungu wa kwanza kufika hapo, akakaa miezi kadhaa akitafuta mitumbwi asiipate. Siku za soko alihesabu watu wapatao 3,000: samaki, mihogo, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu na kuku vikibadilishana mikono katikati ya mzaha na kelele za bei. Tarehe 15 Julai 1871, baada ya mabishano juu ya kuku, watu wenye bunduki wa mfanyabiashara Dugumbe walianza kufyatua risasi katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikakwama katika kijito kilichokuwa chembamba kwa wingi wao, na wengi walizama wakijaribu kuogelea. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliishiwa karatasi na wino, hivyo aliandika habari hizo juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa rangi aliyoikamua kutoka kwenye matunda ya mti. Maandishi yalififia hata yakawa hayasomeki, hadi wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011.

Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya madai ya kukomesha biashara ya watumwa, na mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Hakuna vijiji vingi Afrika ya kati vinavyoweza kusema kwamba msiba wao ulichangia kubadili sheria za pwani. Hata hivyo, angalia habari hizo tumezipata kwa nani. Livingstone alikuwa akisubiri mtumbwi. Cameron, msafiri mwingine wa Uingereza, alipita mwaka 1874, naye akikosa mitumbwi. Stanley alipita mwaka 1876, akaondoka Novemba kuufuata mto mpaka Atlantiki. Wote watatu waliitazama Nyangwe kwa jicho la mtu anayetaka kuondoka. Hata kuhusu mauaji yenyewe, shajara ya gazetini haikubaliani katika kila jambo na kitabu kilichotolewa mwaka 1874 baada ya kifo cha mwandishi, na wasomi wamejiuliza kama watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe walikuwa na mkono katika ghasia zile. Wanawake wa soko, ambao ndio walioumia, hawakuachiwa ukurasa. Mji nao ulichomwa katika vita vya 1893 kati ya Waarabu na dola ya Wabelgiji. Msafiri anayefika leo akiwa na kitabu cha Livingstone peke yake hukuta mto mpana, ukingo, mitumbwi na kijiji, na asipokuwa na kingine cha kushika atarudi na safari ya Livingstone, si na safari yake.

Kasongo inampa cha kushika. Huu ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na habari zake hazikuandikwa na wapita njia peke yao. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo mfanyabiashara anaeleza bila haya jinsi alivyopata utawala Utetela: alijitambulisha kwa mtemi mzee Kasongo Rushie kuwa ni mjukuu wa dada yake aliyechukuliwa mateka zamani, mzee akaamini, akamwachia nchi na pembe zake za ndovu. Mkataba wake na Stanley nao unasimuliwa na pande zote mbili: kwa maneno ya Stanley, ni dola 5,000 kwa kusindikiza msafara kwa vituo 60 vya mwendo. Mambo kama hayo humfanya msomaji wa Kiswahili awe msomaji kamili, anayeweza kupima maneno ya mwenye bunduki dhidi ya maneno ya mwenye kalamu bila kumtegemea mfasiri. Na Kasongo ilipotekwa tarehe 22 Aprili 1893, daktari wa jeshi la Wabelgiji lililoongozwa na Dhanis, Sidney Hinde, aliandika kwa mshangao kwamba ulikuwa mji mzuri kuliko Nyangwe. Alikuta nyumba kubwa zenye magodoro ya hariri, na mashamba ya mpunga, miwa, machungwa, mapera, makomamanga na mananasi. Aliyefungua mlango wa ushindi ule hakuwa Mbelgiji tu. Alikuwa pia Gongo Lutete, mtu wa Tippu Tip wa jana, ambaye miezi michache baadaye Wazungu hao hao walimpiga risasi. Hadithi ya Wazungu waliokuja kuwaondoa Waarabu, ambayo shule za kikoloni zilifundisha, haivuki salama mbele ya mambo ya Kasongo.

Jambo la pili ni kwamba Kasongo haikuisha. Mji ulihama, makazi ya zamani sasa yanaitwa Kasongo-Tongoni, nje ya mji wa leo, na katika muongo wa 2010 wanaakiolojia wa Kongo na Ubelgiji walipafanyia utafiti, wakitafuta mabaki ya majengo huku wakikusanya kumbukumbu za wazee. Lakini urithi wenyewe haukubaki ardhini. Kiswahili tunachozungumza kuanzia Kasongo hadi Lusangi na Kabambare kilikuja na misafara ile, kikaota mizizi kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona pwani. Mpunga uliokuja nao ndio wali wa kila siku, pamoja na sombe na samaki. Uislamu ulioachwa bila walinzi baada ya 1894 ulitazamwa kwa mashaka na serikali ya kikoloni, iliyowapa wamisionari shule na kuzibana twarika, hasa Qadiriyya. Bado ukaifanya Maniema kuwa kitovu cha Waislamu wa Kongo, na Kasongo ndiyo moyo wake. Mji huohuo ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki. Na nani angedhani kwamba madaktari wa dunia wanaujua kwa sababu nyingine kabisa? Kuanzia miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo ulioongozwa na wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ulijaribu namna ya kupanga zahanati na hospitali ya wilaya, na utafiti wake kuhusu chanjo ya surua, uliochapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet, ulijadiliwa kwa miaka mingi. Mji wa namna hii una zaidi ya mlango mmoja wa kuingilia.

Pingamizi la kwanza ni la heshima, na linastahili jibu la heshima. Watauliza: kumwelekeza mgeni Kasongo kabla ya Nyangwe, je, si kumtanguliza mwenye mnyororo kabla ya aliyefungwa? Makomamanga na magodoro ya hariri yalilipiwa na nani? Swali ni la haki, na ndiyo sababu Kasongo isitembelewe kama kasri la shujaa. Lakini kukwepa makao ya wenye nguvu hakuwasaidii walioonewa. Wajerumani wamelipima jambo hili kwa miji yao. Nuremberg ndiko Wanazi walikofanyia mikutano yao mikubwa. Viwanja havikufutwa, na mwaka 2001 kilifunguliwa hapo kituo cha kumbukumbu kinachoeleza jinsi umati ulivyotengenezwa. Weimar ni mji wa Goethe na Schiller, na kilimani kwake kuna mabaki ya Buchenwald, kambi ya Wanazi. Mgeni makini huona vyote viwili, maana kimoja bila kingine ni nusu ya kweli. Zanzibar nako, kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, na maelfu ya watalii hupita hapo. Ni ajabu kwamba Mkunazini pana wageni kila siku, ilhali Nyangwe, ambayo habari yake ilisaidia kulifunga soko lile, haimo katika njia ya mtalii yeyote. Dawa ya hilo ni kuiunganisha Nyangwe na Kasongo, ili mtu aone nyumba ambako amri na bidhaa zilitoka, kisha ukingo ambako gharama yake ililipwa.

Pingamizi la pili linasema hakuna cha kuona. Kuta za udongo zimeyeyuka, hakuna jumba la makumbusho, na mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar atakata tamaa. Anayetafuta milango ya kuchongwa, kweli, abaki pwani. Lakini hoja hii, ikiwa na nguvu, inaiangusha Nyangwe kabla ya Kasongo, kwa kuwa Nyangwe ndiyo iliyobaki na eneo tu. Kasongo ina watu wa kuulizwa: mashehe, walimu, wakulima wa mpunga, wazee wanaojua ukoo upi ulitoka msafara upi. Mahali pasipo na mawe, maelezo ndiyo jengo, na maelezo hayapatikani kwa kupita nusu siku. Hii ni sababu ya kukaa, na sehemu ya kukaa ni mjini, penye soko, chakula na mtu anayeweza kukutafutia mwenyeji wa kukupeleka mtoni.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: njia na usalama. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1910, inapita upande wa kushoto wa Lualaba na kuiacha miji yote miwili ng'ambo. Kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ya udongo, na kwa wengi pikipiki ndiyo inayoaminika. Upande wa Kabambare, hasa kuzunguka Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, makundi yenye silaha yamewasumbua raia kwa miaka. Kwa hiyo simwambii mtu afunge mizigo kesho. Namwambia asubiri kiangazi, kati ya Juni na Agosti, aulize hali ya njia kwa waliopita wiki hiyohiyo, ajionyeshe kwa DGM, idara ya uhamiaji, na kwa wakubwa wa mahali akiwa mgeni, na asithubutu kwenda Nyangwe bila kupitia Kasongo. Hapo usalama nao unakubaliana na historia: mjini ndiko habari za njia hukusanyika kwanza, na ndiko msafiri anaweza kugeuza bila kupoteza safari nzima.

Ukaniuliza wanaotoka kwetu wenyewe watapata nini, maana watalii wa nje si wengi wala hawatakuwa wengi karibuni, nitasema hao ndio wa kufikiriwa kwanza. Mwanafunzi wa sekondari wa Lusangi au Kabambare anajua jina la Livingstone kuliko anavyojua kwamba kuna kitabu cha Kiswahili kinachosimulia nchi yake. Safari ya shule ya siku mbili, moja Kasongo na Tongoni, moja Nyangwe, ingemfundisha kuulinganisha ushahidi, jambo ambalo darasa haliwezi kumfundisha kwa ubao. Na siku serikali ya jimbo au wafadhili watakapotaka kutumia pesa kidogo kwa urithi huu, mgawanyo uko wazi. Wakiwa na uwezo wa kusimamisha bango moja tu, walisimamishe Nyangwe, kwenye ukingo wa soko, liwataje wanawake waliokufa tarehe 15 Julai 1871. Wakiwa na uwezo wa kujenga nyumba moja tu, waijenge Kasongo, waweke humo maandishi ya Tippu Tip, ya Hinde na ya Livingstone meza moja, na wamlipe mtu wa kuwaandika wazee wetu kabla kumbukumbu zao hazijaondoka nao.