Senetwet: Mti wa Faida, Lakini Wataka Hadhari

Ndugu mkulima wa Kimumu, ukitoka Eldoret kwa barabara ya Iten utaona mipakani mwa mashamba kichaka chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, na vitumba vyeusi juu yake. Sugua jani lake, utasikia harufu kali. Wakalenjin huuita senetwet, Wakikuyu mwinu, Wajaluo owinu. Wataalamu huuita Senna didymobotrya.

Mti huu ni wa ukoo mmoja na sanamaki, dawa ya kuharisha ijulikanayo sana pwani. Wachina nao hutumia mbegu za ndugu yake mwingine: huzikaanga na kuzichemsha kama chai, kwa ajili ya macho na choo kigumu.

MATUMIZI. Kazi yake kubwa kwetu ni kutunza maziwa. Vijiti vilivyokauka huchomwa, na makaa yake husuguliwa ndani ya kibuyu kisafi. Kisha hutiwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya siku kadhaa huwa mursik. Majani yaliyopondwa hupakwa penye choa. Maji ya mizizi hunywewa kuendesha tumbo, na hapa ndipo penye hatari.

HADHARI. Jirani yangu mmoja alimpa mtoto wake kikombe kizima cha maji hayo. Mtoto alitapika na kuhara usiku kucha hata macho yakazama. Aliokoka kwa kuwahishwa hospitali. Mizizi haina kipimo: ya mti huu yaweza kuwa kali kuliko ya mti ule. Kumbuka kwamba mti huu hutumiwa pia kulevya samaki mtoni. Kwa hiyo mama mjamzito na mtoto wasinywe kabisa. Mwenye homa apimwe damu kwanza, maana malaria haiponi kwa kuharisha.

KUPANDA.
1. Chuma maganda yaliyokauka, utoe mbegu.
2. Ganda la mbegu ni gumu. Ziloweke katika maji ya moto, zilale humo usiku mmoja.
3. Mvua zianzapo, Machi au Aprili, tia mbegu mbili kila shimo, hatua moja kati ya mashimo.
4. Palilia miche, uikinge na sakitu.
5. Usipande karibu na zizi la ndama, wala usichanganye majani yake na malisho.
6. Ukitaka vijiti, kata matawi; using'oe shina, nalo litachipua tena.

Tangu Eldoret ifanywe jiji mwaka 2024, mashamba ya Kimumu yanazidi kugawanywa viwanja, na nyua za miti zinang'olewa ili kujenga kuta za mawe. Hata mwenye kiwanja kidogo ana pembe moja ya kupanda senetwet. Panda mmoja mvua zijazo, uwafundishe watoto wako faida yake na sumu yake pia.