FAIDA AIPATAYO MTOAJI

Wazee wetu walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Wengi hudhani ya kuwa apataye faida ya kutoa ni mpokeaji peke yake. Mimi napenda kueleza faida aipatayo yule atoaye, hasa wakati wa sikukuu.

Siku za kufanya hivyo tunazo. Waislamu hutoa Zaka ya Fitri, kiasi cha pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye ale sikukuu. Na kesho yake Krismasi, tarehe 26 Desemba, nchi yetu ina Siku ya Kupeana Zawadi.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walieleza jaribio lililofanywa nchini Kanada. Watu walipewa asubuhi dola 5 au 20; baadhi yao wakaambiwa wajitumilie wenyewe, wengine wazitumie kwa ajili ya watu wengine. Jioni, waliowafaa wenzao ndio waliokuwa na furaha zaidi, wala wingi wa fedha haukuleta tofauti. Labda utasema, "Hao ni matajiri." Lakini mwaka 2013 ilitangazwa habari ya uchunguzi mwingine, uliofanywa Kanada na kwa jirani zetu wa Uganda, na huko nako watu waliokumbuka fedha walizotumia kwa wengine walifurahi zaidi.

Mimi mwenyewe nimeyaona haya hapa Nansio. Likizo ya Desemba iliyopita nilipata shilingi 12,000 kwa kubeba mizigo gatini. Nilikusudia kununua shati, lakini mama akanikumbusha bibi mmoja jirani yetu, aleaye wajukuu watatu. Nikanunua mchele na sukari, nikampelekea mchana, mbele ya watu, huku nikitaja bei kwa sauti kubwa. Bibi alipokea na kushukuru, ila hakunitazama usoni. Nikarudi nyumbani sina furaha hata kidogo. Mama aliposikia alisema, "Mwanangu, umemfanya mwombaji, naye ni mkubwa wako."

Kesho yake nilikwenda tena, kimya kimya. Nikamwamkia, nikamchotea maji, nikampasulia kuni, kisha nikaketi kumsikiliza akisimulia jinsi alivyolima mpunga ujanani. Nilipoaga, alinipa machungwa mawili. Nilitaka kukataa, maana nilijua hana kitu. Akasema, "Pokea, mjukuu wangu." Nikayapokea kwa mikono miwili. Usiku ule nililala na moyo mweupe, wala shati sikulikumbuka.

Basi faida nilizozipata ni tatu. Kwanza, furaha, ambayo sikuipata siku ile nilipojionyesha. Pili, nimepata bibi wa kunishauri, na njiani huniita kwa jina. Tatu, nimejifunza ya kuwa asiye na fedha anayo mikono ya kufanyia kazi na masikio ya kusikiliza.

Wanafunzi wenzangu, likizo yaja. Kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja jirani na kwao amsaidie, lakini asimtangaze. Nanyi wazazi, mkiona tumekosea kama nilivyokosea mimi, tafadhali tuambieni.