Picha ya Usiku na Rangi Zinazodanganya

Ilikuwa saa nne usiku simu yangu ilipotetema. Mdogo wangu, aliyekuwa amejifungua siku nne kabla, alinitumia picha mbili za mtoto kwa WhatsApp na ujumbe mfupi: "Kaka, hebu muangalie mpwao. Ni wa njano au macho yangu tu?"

Picha ya kwanza aliipiga chini ya balbu ya chumbani. Mtoto alikuwa wa njano kama embe lililoiva. Ya pili aliipiga dakika moja baadaye, mume wake akimulika kwa tochi ya simu. Mtoto yuleyule, shuka lilelile, ila safari hii hana hata dalili ya njano. Na kwa kuwa mimi nasoma fizikia, familia nzima inaamini nina jibu la kila kitu chenye waya au kioo. Swali likawa langu: picha ya kweli ni ipi?

Tulichofanya usiku ule nitakuambia mwishoni. Kwanza twende pamoja taratibu, maana rangi unayoiona kwenye picha ya usiku imepita mikononi mwa wengi kabla ya kukufikia: taa, kamera, programu ya simu, kioo cha simu, na mwisho macho yako mwenyewe. Na kila mmoja ameongeza au kupunguza kitu.

Gizani hata jicho halioni rangi

Umeme ukikatika usiku wenye mwezi, fanya jaribio hili. Tandika nje khanga mbili, moja nyekundu na moja ya bluu. Kaa hapo dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu, kwa sababu huo ndio muda ambao jicho linahitaji kulizoea giza sawasawa. Kisha zitazame. Maumbo utayaona, mikunjo utaiona, ila rangi zimekwenda. Tena ile nyekundu itakuwa karibu nyeusi, na ya bluu itaonekana kung'aa kuliko mwenzake, hata kama mchana nyekundu ndiyo iliyokuwa inawaka.

Sababu iko nyuma ya jicho, kwenye utando unaopokea mwanga unaoitwa retina. Pale kuna seli za aina mbili kuu. Koni ni kama milioni 6, na zinahitaji mwanga wa kutosha. Ziko za aina tatu, kila aina ikivutiwa zaidi na sehemu yake ya mwanga: wa mawimbi mafupi, ya kati au marefu. Ubongo hulinganisha majibu ya hizo tatu, na matokeo ya kulinganisha huko ndiyo tunayoyaita rangi.

Fito ni nyingi zaidi, zinakaribia milioni 100, na ndizo zinazofanya kazi usiku. Uhodari wake ni wa ajabu. Mwaka 1942 watafiti watatu, Hecht, Shlaer na Pirenne, walionyesha kwamba punje za mwanga, yaani fotoni, kati ya 5 na 14 tu zikimezwa na fito zinatosha kumfanya mtu aseme "nimeona". Ila fito ni za aina moja tu, na hapo ndipo rangi inapopotea. Fikiria konda anayehesabu abiria bila kuwatazama usoni. Anajua wamepanda kumi, hajui nani ni nani. Fito nayo inahesabu fotoni ilizozimeza, lakini haina namna ya kujua zilikuwa za kijani chache au nyekundu nyingi. Hakuna wa kulinganisha naye, kwa hiyo hakuna rangi.

Na kwa nini nyekundu hufa kwanza? Mchana jicho huona vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 555, ambao ni kijani kinachoelekea njano. Usiku fito zikishika zamu, kilele kinahamia karibu nanomita 507, upande wa bluu. Nyekundu inaachwa mbali. Jambo hili liligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi kutoka Bohemia, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Kamera: vikombe vinavyokinga mvua

Sasa njoo kwenye simu. Kihisi cha kamera ni kama uwanja uliopangwa mamilioni ya vikombe vidogo vinavyokinga fotoni. Vikombe hivyo, kama fito, havijui rangi. Ili vijue, kila kimoja kimefunikwa kichujio chake: nusu ya vikombe ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu. Mpangilio huu ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, akapewa hataza yake mwaka 1976, na simu nyingi hadi leo zinautumia wenyewe au ndugu zake. Ni ujanja mzuri, ila una gharama. Kikombe cha bluu kinazuia fotoni za kijani na nyekundu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga inatupwa kabla haijahesabiwa. Mchana hilo si tatizo. Usiku ni balaa.

Panga vikombe mia nje wakati wa manyunyu ya sekunde chache. Kimoja kitapata matone manne, jirani yake saba, mwingine mawili, ingawa mvua ni ileile. Mvua ikinyesha nusu saa, vyote vitakuwa na maji karibu sawa. Mwanga nao uko hivyo. Ukitarajia fotoni 10,000 kwenye kikombe, idadi halisi itayumba kwa kipeuo cha pili cha hiyo namba, yaani 100, sawa na asilimia 1. Huwezi kuona tofauti hiyo. Ukitarajia fotoni 100 tu, itayumba kwa 10, sawa na asilimia 10. Hiyo utaiona. Zile chenga za rangirangi kwenye picha za usiku, madoa mekundu na ya bluu kwenye ukuta mweupe, ndiyo hayo manyunyu.

"Basi si niongeze ISO?" Kuongeza ISO hakuleti mwanga mpya. Ni kama kupandisha sauti ya redio yenye mikwaruzo: mtangazaji anasikika zaidi, na mikwaruzo pia. Dawa ya kweli ni fotoni zaidi, na njia mojawapo ni kuacha kamera wazi muda mrefu. Ndiyo maana ukiegemeza kamera mahali na kupiga picha kwa sekunde 20 chini ya mbalamwezi, nyasi hutoka za kijani na anga ya bluu, wakati wewe uliyesimama pale uliona kijivu kitupu. Mbalamwezi ni mwanga wa jua uliogonga mwezi ukarudi kwetu, rangi zimo. Ila fito zako hazikuwa na uwezo wa kuzisoma.

Mkononi huwezi kutulia sekunde 20. Kwa hiyo hali ya usiku ya simu hupiga picha nyingi za haraka, ikazipanga juu ya nyingine na kutafuta wastani. Picha 16 hupunguza chenga mara 4. Chenga zinazobaki, programu inazipiga pasi, hasa za rangi, kwa sababu macho yetu hayaoni upesi rangi iliyopoteza maelezo madogo. Picha inapendeza. Lakini sehemu ya rangi yake sasa ni makadirio.

Taa ipi ilikuwa inawaka?

Kitu hakina rangi ya kukionyesha kama mwanga unaokipiga hauna rangi hiyo. Wataalamu hupima rangi ya mwanga wa taa kwa kelvini: mshumaa ni kama 1,900, balbu ya zamani ya waya kama 2,700, jua la mchana kama 5,500. Namba ikiwa ndogo, mwanga una wekundu na unjano mwingi, na bluu kidogo sana.

Wewe huoni tofauti hii kwa sababu ubongo wako ni hodari wa kusamehe. Karatasi nyeupe ni nyeupe juani na ni nyeupe kwa kibatari, ingawa mwanga unaotoka kwayo ni tofauti kabisa. Kamera inajaribu kuiga ujanja huo kwa kitu kinachoitwa mizani ya weupe: inatazama picha nzima, inakisia ni taa gani, kisha inaondoa rangi ya taa hiyo.

Hapo ndipo turudi kwa mpwa wangu. Njano ya mtoto mchanga inatokana na bilirubini, kitu kinachobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjwa. Bilirubini humeza mwanga wa bluu. Ngozi inaonekana ya njano kwa sababu bluu haikurudi. Maana yake, ushahidi wote uko kwenye bluu: imerudi kiasi gani? Na sasa jumlisha. Balbu ya njano ina bluu kidogo. Vikombe vya bluu ni robo tu ya vyote. Fotoni chache zina chenga nyingi. Kisha mizani ya weupe inazidisha hiyo bluu kidogo ili kusawazisha, na chenga zake zinazidi pamoja nayo. Yaani shahidi muhimu kuliko wote ndiye aliyesikika kwa shida kuliko wote.

Kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Kamera ikishindwa kuondoa rangi ya balbu, mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Na uso wa mtoto ukijaa kwenye picha nzima, kamera inaweza kudhani njano ile ni ya taa, ikaiondoa. Mtoto mgonjwa anaonekana mzima. Hili la pili ndilo linalonitisha.

Mwisho ni wewe na kioo chako

Unakumbuka lile gauni la Februari 2015? Picha moja, dunia ikagawanyika: hawa wanaona bluu na nyeusi, wale nyeupe na dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Picha haikuwa na dalili za kutosha kuhusu mwanga, kwa hiyo kila ubongo ukakisia wake na kusamehe rangi tofauti.

Usiku ule nilikuwa natafuta kosa kwenye kamera ya mdogo wangu, kumbe jingine lilikuwa mkononi mwangu. Simu yangu hujiwasha kichujio cha usiku kila ifikapo saa tatu, kile kinachopunguza bluu ili macho yapumzike. Nilikuwa nachunguza njano ya mtoto kupitia kioo chenye unjano! Nilipokizima, picha ya kwanza ikafifia kidogo na ya pili ikawa nzuri kabisa. Nakiri, nilitaka kuiamini hiyo ya pili. Ilikuwa na jibu nililolitaka.

Basi ufanye nini?

Kama unapiga picha za kawaida, sherehe au biashara yako ya vitambaa, mambo machache yanasaidia sana. Sogeza mtu au bidhaa karibu na dirisha mchana. Usichanganye taa za aina mbili, maana mizani ya weupe inaweza kusawazisha moja tu. Weka karatasi nyeupe ndani ya picha, ili anayetazama ajue nyeupe ilionekanaje pale. Egemeza simu mahali patulivu. Na kabla ya kulaumu rangi, zima kichujio cha kioo.

Ila picha si kipimo cha ugonjwa, iwe ya usiku au ya mchana. Hata mtaalamu akimtazama mtoto kwa macho anaweza kukosea kiwango cha njano, hasa kwa ngozi nyeusi, ndiyo maana kuna kipimo cha damu. Watoto wengi wachanga hupata njano kidogo inayoisha yenyewe. Lakini njano ikitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, au viganja na nyayo vikiwa vya njano, au mtoto akikataa kunyonya au kulala mno, usipige picha. Mpeleke kituo cha afya, hata kama ni usiku. Bilirubini ikizidi sana inaweza kudhuru ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Nilimwambia mdogo wangu hivyohivyo: picha zote mbili siziamini, mkamuone mkunga. Mtoto alikuwa ananyonya vizuri na viganja vyake vilikuwa sawa, wakaondoka alfajiri. Kwenye mwanga wa asubuhi mkunga alimfunua macho, akabonyeza ngozi ya kifuani, akaagiza damu ipimwe. Kiwango kilikuwa juu. Mpwa wangu alilazwa siku mbili chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa kitambaa.

Bluu, ndiyo. Kwa kuwa bilirubini humeza mwanga huo, ukiumwaga kwa wingi kwenye ngozi unabadilisha umbo la bilirubini mpaka mwili uweze kuitoa kwa choo na mkojo. Rangi ileile ambayo kamera ilishindwa kuihesabu ndiyo iliyomtibu.

Mdogo wangu alinitumia picha nyingine kutoka wodini. Mtoto alikuwa bluu kuanzia kichwani hadi miguuni. Safari hii hakuna aliyeuliza rangi.