Beki mbili wa Shungimbili na goti lililogoma

UKITOKA Kilindoni kwa mashua, upepo ukiwa mzuri, utakiona kisiwa cha Shungimbili kimekaa juu ya maji kama kofia iliyosahauliwa. Leo kina hoteli ya kifahari, na maji yake ni hifadhi tengefu tangu mwaka 2007. Lakini zamani wavuvi wa Mafia walikuwa wakienda dago pale, na bamvua maji yakitoka wanapiga chandimu juu ya mchanga, peku, nyavu zikikauka pembeni.

Beki mbili wa timu hiyo ya wavuvi alikuwa mjomba wangu. Kwa maelezo yake hakuna winga aliyewahi kumpita. Shahidi hana, lakini ndivyo anavyosema, na mimi ni mpwa wake, siwezi kubisha.

Ninachokijua kwa macho yangu ni goti lake la kulia. Liliumia kwenye mechi ya ndondo akiwa kijana, likafungwa kitambaa, na baada ya wiki mbili jamaa akarudi uwanjani. Sasa amevuka miaka 55. Asubuhi goti limekaza kama mlango wenye kutu, jioni limevimba, na kushua mashua, kazi inayomlisha, imekuwa mtihani.

MZIGO NILIOUBEBA MWENYEWE

Mwaka jana alinipigia simu nikiwa Dar es Salaam. "Mjomba, ukija niletee vile vidonge vya maumivu. Vya huku vinaisha upesi."

Nikaenda duka la dawa, nikanunua diklofenaki boksi zima. Sikuulizwa cheti, na mimi sikuuliza kitu. Nilijiona mpwa wa maana.

Mzee akawa anameza kimoja alfajiri kabla ya kwenda baharini, tena kwa chai ya rangi kavu, na kingine usiku ili alale. Ikaja Jumamosi ya mechi ya veterani. Akameza viwili, akavaa njumu, akacheza dakika 60 na kutoa krosi iliyozaa bao. Nilimpiga picha, nikaiweka kwenye simu yangu.

Siku ya tatu mkewe akanipigia. Mzee anaona kizunguzungu, jasho linamtoka, na choo chake cheusi kama lami. Hospitali wakasema tumbo lina vidonda na vinavuja damu. Chanzo ni vidonge. Vidonge vyangu.

Alipona, alhamdulillah. Lakini ile picha ya krosi hadi leo naiangalia vibaya.

MASTAA NAO WALIINGIA KINGI

Usidhani ni ushamba wa mtu wa kisiwani. Daniel Agger, beki wa zamani wa Liverpool, alitolewa uwanjani kabla ya nusu saa kwisha mwaka 2015 akiichezea Brøndby dhidi ya FC Copenhagen. Baada ya kustaafu mwaka 2016 alikiri wazi kuwa alikuwa amezidisha vidonge vya maumivu ili aweze kucheza.

Mwaka 2012, Jiří Dvořák, aliyekuwa daktari mkuu wa FIFA, alionya kwamba kwenye Kombe la Dunia la 2010 karibu wachezaji 4 kati ya 10 walikuwa wanameza dawa hizo kabla ya kila mechi.

Gabriel Batistuta yeye alistaafu mwaka 2005, na vifundo vya miguu vikamtesa hadi akamwomba daktari amkate miguu. Huyo ni Batigol, mfungaji aliyewatoa mabeki wa Italia jasho.

GOTI LINACHAKAA VIPI?

Ukila kuku, angalia kile kitu cheupe laini kwenye ncha ya mfupa. Hilo ni gegedu. Kwenye goti lako kazi yake ni kuzuia mfupa usisagane na mfupa. Likiumia uwanjani na usilitibu vizuri, linaanza kulika kidogo kidogo, na miaka 20 mbele ndipo bili inaletwa. Umri na uzito vinaongeza kasi.

Wengi mtaani kila maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, lakini haya si ugonjwa mmoja. Kuna baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo, mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja. Kuna na jongo, linalopenda kukushtua usiku kwenye kidole gumba cha mguu. Jongo halipatani na pombe, maini, nyama nyekundu, hata dagaa. Kwa mvuvi anayekula dagaa kila siku, hiyo ni habari kubwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza tiba ya jikoni, pima kwanza ujue unacheza na timu gani.

KIKOSI CHA NYUMBANI

Goti la mjomba ni la kuchakaa. Baada ya hospitali, daktari alimpangia kikosi kipya, na sehemu kubwa kiko nyumbani kwake.

Asubuhi goti likikaza, anakanda kwa kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika, dakika 15 hadi 20. Jioni likivimba, anaweka barafu ya kuhifadhia samaki, imefungwa kwenye kanga, dakika 10 hadi 15. Barafu tupu juu ya ngozi hapana, inaunguza.

Pili ni mazoezi. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mbele, anahesabu mpaka tano, anashusha. Mara 10 kila mguu. Kisha anasimama na kukaa bila kushika kitu, mara 10 tena. Msuli wa paja ukiwa na nguvu, goti linapata beki wa kulisaidia.

Tatu ni bahari. Kila asubuhi anatembea kwenye maji yanayofika kiunoni. Maji yanabeba karibu nusu ya uzito wake, goti linapumua. Ledley King, nahodha wa Tottenham aliyecheza miaka yake ya mwisho na goti lisilo na gegedu, hakuwa anafanya mazoezi na wenzake katikati ya wiki. Alikuwa bwawani na jimu, hadi alipostaafu mwaka 2012. Mjomba bwawa lake ni Bahari ya Hindi, halilipiwi.

Nne ni uzito. Kila kilo 1 unayopunguza inalitua goti kama kilo 4 kwa kila hatua. Mzee amepunguza chapati za usiku, ingawa kwa manung'uniko.

Tangawizi na manjano je? Anatumia, kwenye chai na kwenye mchuzi. Zipo tafiti zinazoonyesha zinapunguza maumivu kiasi, ila gegedu lililokwisha halirudi. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mwulize daktari kwanza. Mafuta ya nazi kwa kuchua ni sawa, yanalegeza misuli. Pilipili mbichi usijipake: kweli dawa iliyomo inatengenezewa krimu za maumivu, lakini ya shambani itakuunguza ngozi na macho.

Chale na unga usio na jina unaouzwa stendi, achana navyo. Hujui umechanganywa na nini.

Na kama kiungo kimevimba ghafla, kina joto na una homa, au mtoto analia viungo, hapo usisubiri tangawizi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Goti likishindikana kabisa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wanabadilisha magoti.

LINALOMKERA

Kilichomshinda mjomba kwa muda mrefu ni bakora. Alisema ni ya wazee. Daktari alimwambia aishike mkono wa kushoto, yaani upande wa pili wa goti bovu, ndiyo inavyobeba mzigo. Akagoma.

Mwezi uliopita nilivuka tena kutoka Nyamisati. Akanipokea gatini akichechemea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Safari hii umeniletea nini?"

Nikamkabidhi bakora niliyoizungushia kitambaa cha kijani na njano. Akaiangalia sana. Kwa Mwananchi kama yeye, kuikataa ilikuwa vigumu.

Jumamosi veterani walicheza. Mjomba hakuvaa njumu. Alisimama pembeni ya uwanja, bakora mkono wa kushoto, akimfokea beki mbili kijana wa miaka 40 kwamba anapanda halafu hashuki. Dakika 90 zote alikuwa amesimama.

Jumapili alfajiri alikwenda baharini. Mashua waliishua wanne badala ya wawili, na yeye alishika usukani.