Unajiskia fiti? Ini lako huenda lina stori nyingine

Ebu fikiria umeenda kutoa damu chuoni, akili yote iko kwa soda na biskuti za bure. Wiki chache baadaye simu inalia: "Njoo, kuna kitu tumeona kwenye damu yako."

Mimi niliipokea hiyo simu. Homa ya ini aina ya B.

Unajua nilifanya nini? Sikufanya chochote. Nilikuwa fiti, napiga mpira kama kawaida. Baadaye karo ikanishinda, nikaacha chuo na kurudi nyumbani Kulesa. Huko kila mtu alikuwa daktari. Mmoja akanichemshia mizizi, mwingine akasema ni homa ya manjano, itapita. Wapi! Homa ya manjano huletwa na mbu. Hii hupitia damu, ngono bila kinga, na mama kumwambukiza mtoto anapozaliwa. Kula sahani moja hakuambukizi, wala kukumbatiana.

Noma ya ini ni kwamba halilii. Linaweza kuota makovu miaka na miaka nawe huskii kitu. Siku macho yanageuka manjano na tumbo linajaa maji, mara nyingi umechelewa.

Mwishowe nikajitoa. Boda hadi Garsen, basi la Malindi, halafu Mombasa kwa daktari bingwa wa ini. Siku nzima barabarani.

Usiogope, hakukuwa na kisu. Kwanza alitaka kujua kama virusi vimekaa zaidi ya miezi 6, kwa sababu vikipita hapo ugonjwa ni sugu. Damu ikapimwa kuona wingi wa virusi na kama ini linaumia. Nikapigwa picha ya ini, kwa mashine kama ile ya wajawazito. Akaniambia niachane na mizizi, nipunguze pombe hadi niiache, na nisile mahindi yaliyoota ukungu, hasa baada ya mafuriko. Sumu ya ukungu ikikutana na virusi hivi, hatari ya saratani ya ini hupanda, na kuyapika hakuiondoi.

Dawa? Sikupewa. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Mimi narudi kupimwa kila baada ya miezi 6.

Kisha akaniuliza, "Kijana wangu, mama yako amepimwa?"

Swali hilo nilirudi nalo kwenye basi. Mtu akiambukizwa akiwa mchanga, mara nyingi virusi havitoki. Akiambukizwa mtu mzima, mara nyingi mwili huvishinda. Kenya ilianza kuwachanja watoto 2001. Mimi nilizaliwa kabla ya hapo.

Mama alipimwa. Anavyo, na ini lake lilikuwa limeanza makovu. Ameniruhusu niandike haya. Sasa anameza tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Dawa hiyo hutumiwa pia na wenye HIV, kwa hivyo majirani walinong'ona. Mama akawajibu, "Nongoneni, mimi nameza." Wadogo zangu wawili hawana, na wote wamechanjwa.

Kwa hivyo msee, usingoje macho yageuke. Omba kipimo cha homa ya ini B hospitali iliyo karibu nawe. Huna? Ulizia chanjo, kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Unayo? Mtafute daktari wa ini hata kama unajiskia poa, na uwaambie wa nyumbani wapimwe.

Mimi nilichelewa kumwambia mama. Wewe mwambie wako leo.