Mtalii wa saa moja hamfai mkulima wa Jozani

MAGARI ya watalii yanayotoka mjini kwenda fukwe za Paje na Jambiani husimama Jozani kwa muda mfupi tu. Wageni hulipa kiingilio, huzungushwa msituni, huwapiga picha kima punju, hupita juu ya daraja la mbao kwenye mikoko ya Pete, kisha hao, wameondoka. Chakula cha mchana wanakula hotelini. Mkulima wa Pete mwenye nazi na ndizi za kuuza huliona vumbi la gari.

Msitu huo, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, una historia ndefu ya kuvunwa. Kabla ya kufanywa hifadhi ya msitu mwaka 1960 ulikatwa mbao kibiashara. Mwaka 2004 ukawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO ikaliweka eneo hilo katika orodha yake ya hifadhi za baiolojia. Kwa watu wa Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, kila hatua ilipunguza mahali pa kukata kuni, kuchoma makaa na kufyeka maweni kwa ajili ya muhogo. Wakati huo huo Ng'ambo ilizidi kukua. Nyumba ngapi za udongo na makuti kule zilisimamishwa kwa boriti za mikoko? Na makaa bado yanapikia chai kila asubuhi.

Kwa hiyo msitu ukitaka kubaki, ni lazima umlipe anayekaa nao. Sehemu ya mapato ya watalii hurudi vijijini, na imesaidia shule, maji na zahanati. Hilo ni jema, lakini fedha ya kamati si fedha ya mfukoni, na kima anapoingia shambani huingia kwenye shamba la mtu mmoja, si la kamati.

Hata lawama ya kima inahitaji hesabu. Wakulima wamelalamika miaka mingi kwamba punju anamaliza nazi changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 haukuona kwamba minazi inayoliwa zaidi na punju hutoa mavuno madogo. Huenda kula vidaka ni kama kuupogoa mnazi, kwani vingi vingeanguka vyenyewe. Mazao mengine ni habari nyingine, na mwenye migomba asiambiwe kwamba anaota. Lakini mnyama huyo, ambaye porini hapatikani popote duniani ila Zanzibar, ndiye anayemleta mgeni. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata zaidi ya punju 5,800 kisiwani.

Bidhaa inayokosekana ni safari ndefu ya miguu. Lushoto wameifanya tangu miaka ya 1990: mgeni hutoka mjini na muongozaji wa kijijini, hupita msitu wa Magamba, hulala njiani, hufika Mtae baada ya siku kadhaa. Kila anapolala kuna aliyepika, aliyetandika na aliyeuza viazi.

Unguja haina milima ya Usambara, lakini ina njia. Mgeni apande daladala Ng'ambo mpaka Jozani, aingie msituni na muongozaji wa hifadhi, kisha aendelee kwa miguu mpaka Charawe na Ukongoroni, alale huko. Asubuhi, maji yakijaa, ngalawa imvushe ghuba mpaka Chwaka kwenye soko la samaki, na daladala imrudishe mjini kwa njia ya Dunga.

Chukua mfano wa wageni sita, kwa bei za makisio. Milo mitatu kwa Sh 10,000 kila mmoja ni Sh 180,000. Malazi Sh 20,000 kwa kila mtu, Sh 120,000. Waongozaji wawili Sh 60,000, ngalawa Sh 40,000. Jumla Sh 400,000. Kundi moja kwa wiki, kwa wiki 30 za mwaka, ni Sh milioni 12. Si faida yote, maana mpishi atanunua samaki, nazi, tungule na mchele. Lakini atanunua kwa jirani, na magodoro na vyandarua vitatoka kwa mfanyabiashara wa Mwanakwerekwe.

Gharama zipo. Maweni ni makali, kandambili hazifai, na maji ya kunywa hubebwa. Choo safi kitajengwa kabla ya mgeni wa kwanza, siyo baada yake. Sheha na uongozi wa hifadhi wakubaliane mapema nani anapokea fedha, kwa stakabadhi, vinginevyo ugomvi utafika kabla ya wageni. Na asitokee tajiri wa mjini akajenga hoteli Ukongoroni, akawaachia wenyeji kazi ya kubeba mizigo.

Kalenda nayo ni ya msitu wenyewe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji ya ardhini hupanda na sehemu za Jozani hugeuka bwawa. Miezi hiyo njia ifungwe, watu walime. Kuanzia Juni, kipupwe kinapoingia, ardhi hukauka na wageni huongezeka, na mwenye kuku wa kienyeji aliowafuga tangu masika atakuwa na cha kuuza.